Sura ya Sita: Eneokazi Jepesi, Kazi Nzito

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Mrithi wake, Windows 11, ana masharti: chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya diski ya GB 64, na prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft yenyewe. Kwa prosesa za Intel, orodha hiyo kwa kawaida huanzia kizazi cha nane. Masharti hayo yanaziacha nje laptop nyingi ambazo bado zina nguvu za kutosha: Latitude, EliteBook na ThinkPad zilizomaliza muda wake katika ofisi za Ulaya na Ghuba, zikaja kuuzwa tena Kariakoo na Luthuli Avenue, na leo ndizo zinazoandikiwa ripoti za shule, hesabu za duka na tasnifu za wanafunzi.

Ukiziwekea Linux, mashine hizi huendelea kupata masasisho ya usalama kwa miaka mingine mingi, bila kununua leseni. Lakini anayehamia Linux ili kuokoa mashine ya zamani hukutana mapema na swali ambalo Windows haikuwahi kumuuliza: unataka eneokazi gani? GNOME, KDE Plasma, Cinnamon, MATE, Xfce, LXQt, au IceWM tupu? Kila jina lina mashabiki wake, na kila shabiki atakuapia kwamba lake ndilo jepesi kuliko yote.

Nasema mapema ninachokiamini. Eneokazi jepesi ni lile linalokuachia sehemu kubwa zaidi ya kompyuta kwa ajili ya kazi yako, bila kukunyang'anya kitu unachokihitaji. Huwezi kulijua kwa sifa za watu wala kwa uzuri wa picha zake. Utalijua ukitambua sehemu iliyo dhaifu zaidi kwenye mashine yako, ukamjua mtu atakayeketi mbele yake, kisha ukapima mwenyewe.

Eneokazi limeundwa na nini

Chini kabisa kuna kiini cha Linux, ambacho Linus Torvalds alikitangaza Agosti 1991 akiwa mwanafunzi mjini Helsinki. Kiini huendesha prosesa, RAM, diski na kadi ya michoro, lakini chenyewe hakichori dirisha hata moja. Juu yake hukaa mfumo wa michoro. Kwa miongo mingi mfumo huo umekuwa X, uliozaliwa katika chuo cha MIT mwaka 1984. Siku hizi nafasi yake inachukuliwa hatua kwa hatua na Wayland, iliyoanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008.

Dirisha likae wapi, kitufe cha kulifunga kiwe upande gani, menyu ifunguke kutoka pembe ipi: hayo yote ni kazi ya eneokazi. Nalo si programu moja. Ukiingia kwenye Xfce, kwa mfano, unapokelewa na kundi la programu ndogo zinazofanya kazi bega kwa bega. Ya kwanza, xfwm4, husimamia madirisha. xfce4-panel huchora upau wenye menyu, saa na alama ya mtandao. xfdesktop huweka picha ya nyuma na aikoni zilizo juu yake. Thunar hufungua mafolda. xfsettingsd hukumbuka fonti na mwonekano uliouchagua. xfce4-power-manager huilaza mashine unapofunga kifuniko, na xfce4-notifyd hukutolea ujumbe pembeni mwa skrini betri inapokaribia kuisha. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa.

Kila kipande katika kundi hili hula RAM kidogo, na kila kipande chaweza kuondolewa. Ndiyo maana wapo wanaoondoa karibu vyote na kubaki na programu ya kusimamia madirisha peke yake, kama IceWM au Openbox. Hapo RAM inayotumika hushuka sana. Ila ndipo mtu anapogundua vipande alivyoviondoa vilikuwa vikimfanyia nini: anachomeka flashi na haifunguki, anabonyeza kitufe cha sauti na hakuna kinachobadilika, anatafuta mahali pa kuunganisha Wi-Fi na hapaoni. Vyote hivyo vinaweza kurudishwa kimoja kimoja na mtu mwenye subira na muda. Kwa mwalimu anayetaka kuchapa mtihani kabla ya kengele, wepesi wa namna hiyo ni mzigo mwingine.

Wepesi ulivyozaliwa

Ni vigumu kuyaelewa maeneokazi mepesi ya leo bila kujua yalikotoka, kwa sababu kila moja lilizaliwa kama jibu la tatizo fulani.

Oktoba 1996, Matthias Ettrich, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tübingen nchini Ujerumani, alitangaza mradi wa KDE. Alitaka mtumiaji wa kawaida apate programu zinazofanana sura na tabia, badala ya ule mchanganyiko uliokuwapo, ambapo kila dirisha lilikuwa na desturi zake. KDE ilijengwa juu ya maktaba ya msimbo iitwayo Qt, ambayo wakati ule leseni yake haikuwa huria kamili. Hilo liliwasukuma Miguel de Icaza na Federico Mena, vijana wa Mexico, kuanzisha GNOME Agosti 1997 kwa kutumia maktaba nyingine, GTK. Hadi leo programu nyingi za Linux zenye madirisha zinatoka katika koo hizi mbili, Qt na GTK, na baadaye tutaona kwa nini jambo hilo linagusa RAM yako.

Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1996, Mfaransa Olivier Fourdan alianza Xfce kwa kuiga eneokazi la kompyuta ghali za Unix lililoitwa CDE. Maktaba aliyoitumia mwanzoni haikuwa huria, na kampuni ya Red Hat ilikataa kuijumuisha Xfce kwenye distro yake, yaani mkusanyiko wake wa Linux na programu, kwa sababu hiyo. Fourdan akaiandika upya kwa GTK, na njia ikafunguka. Tangu hapo Xfce imeenda kwa mwendo wake wenyewe, bila haraka. Toleo 4.12 lilitoka Februari 2015, lililofuata, 4.14, lilitoka Agosti 2019. Kwa mtu anayependa mambo mapya, miaka minne na nusu ni ukame. Kwa mwenye maabara ya kompyuta shuleni, ni miaka minne na nusu ambayo hakuna mwanafunzi aliyelazimika kujifunza upya menyu iko wapi.

Kilichoupa wepesi soko halisi ni kompyuta ndogo sana. Mwaka 2007 Asus walitoa Eee PC 701, laptop yenye skrini ya inchi 7, RAM ya MB 512 na diski ya kielektroniki ya GB 4 tu. Skrini yake ilikuwa na nukta 800 kwa 480, kiasi kwamba dirisha la mipangilio la kawaida halikuenea. Asus waliiuza ikiwa na Linux ya Xandros, na sura yake rahisi, yenye aikoni kubwa zilizopangwa kwa makundi, ilisimama juu ya IceWM, programu iliyoanzishwa na Marko Maček mwaka 1997. Mwaka uliofuata Acer walitoa Aspire One, na ile iliyokuja na Linux ya Linpus ilitumia Xfce. Watu wengi walinunua mashine hizo bila kujua jina la eneokazi lililokuwa mbele ya macho yao. Walichojua ni kwamba ziliwaka upesi na zilifanya kazi.

Huko Taiwan, Hong Jen Yee alikuwa ameanzisha LXDE mwaka 2006, akianza na kidhibiti faili chake kiitwacho PCManFM. LXDE ndiyo iliyochaguliwa kwa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi ilipotoka mwaka 2012, ambayo Model B yake ya kwanza ilikuwa na RAM ya MB 256. GTK ilipoingia toleo lake la tatu, Hong hakuridhika nalo. Akajaribu Qt, na mwaka 2013 mradi wake ukaungana na mwingine ulioitwa Razor-qt. Kutokana na muungano huo likazaliwa LXQt, ambalo toleo lake la kwanza lilitoka Mei 2014. Lubuntu, toleo jepesi la Ubuntu, ilihamia LXQt Oktoba 2018.

MATE ilizaliwa kutokana na malalamiko. Aprili 2011 GNOME 3 iliondoa upau wa chini na menyu zilizozoeleka, na ikaanza kutegemea kadi ya michoro kuliko zamani. Wengi hawakufurahi, Torvalds mwenyewe alihamia Xfce kwa muda mwaka huo. Mtumiaji mmoja wa Ajentina akachukua msimbo wa GNOME 2 na kuuendeleza kwa jina la kinywaji cha kwao, mate. Anayeikumbuka Ubuntu ya mwaka 2008 au 2010 akifungua MATE leo atajua kila kitu kilipo.

Uzito unakaa wapi

Lori hupimwa kwenye mizani likiwa na shehena, na uzito wa jumla una kikomo cha kisheria; lori lenyewe likiwa zito, ndivyo shehena inayoruhusiwa inavyopungua. RAM ya kompyuta ni kikomo cha namna hiyo, na eneokazi ni uzito wa lori tupu.

Ukiwasha mashine yenye GNOME ya kisasa, ukasubiri itulie bila kufungua programu yoyote, kwa kawaida utakuta RAM inayotumika inakaribia GB 1 au kuipita. Xfce mara nyingi huwa kati ya MB 500 na 800, LXQt hushuka chini kidogo ya hapo, na antiX, distro ndogo yenye IceWM, yaweza kukaa kwenye MB 200 hadi 300. Haya ni makadirio. Hubadilika kulingana na distro, toleo la programu na huduma zinazojiwasha zenyewe. KDE Plasma, ambayo kwa miaka mingi ilisemwa kuwa nzito, siku hizi mara nyingi hupimwa ikiwa chini ya GNOME.

Tuseme tofauti kati ya lililo zito na lililo jepesi ni MB 600. Kwenye mashine ya GB 16, hiyo haifiki hata asilimia 4 ya RAM yote, na kubadilisha eneokazi kwa sababu hiyo ni kujisumbua bure. Kwenye mashine ya GB 2, ni karibu theluthi nzima. MB 600 zilezile ni kitu kidogo huku na ni kila kitu kule. Kwa hiyo kabla ya kuuliza eneokazi gani ni jepesi, uliza una RAM kiasi gani.

Kisha angalia kinachopakiwa. Kivinjari chenye kurasa chache zilizofunguliwa, barua pepe, video na gazeti, hupita GB 1 bila shida. Hakuna eneokazi linaloweza kupunguza uzito huo. Linachoweza ni kuuachia uwanja ulio wazi.

Hapa ndipo zile koo mbili zinapohusika. Programu za GTK hutumia maktaba zilezile zilizokwisha kuingia kwenye RAM. Ukifungua ya pili na ya tatu, sehemu kubwa ya maktaba haipakiwi tena. Ukiwa kwenye Xfce, ambayo ni ya GTK, kisha ukafungua kihariri cha KDE, unaita pia Qt pamoja na maktaba za KDE, na sasa koo zote mbili zinaishi kwenye RAM yako kwa pamoja. Kwenye mashine ya GB 8 hutaona tofauti. Kwenye ya GB 2 utaiona. Kanuni yake ni rahisi: kwenye mashine ndogo, chagua ukoo mmoja, na programu zako za kila siku zitoke humo. Firefox hutumia GTK, hivyo kwa watu wengi upande wa GTK una faida ndogo ya kuanzia.

RAM ikitosha, udhaifu waweza kuwa kwenye kadi ya michoro. Maeneokazi ya kisasa huchora kila dirisha pembeni kwanza, kisha kadi ya michoro huyaunganisha yote kuwa picha moja yenye vivuli na mwendo laini. Kadi ikiwa ya zamani mno au ikikosa dereva, Linux haikatai. Huipa prosesa kazi hiyo kupitia programu iitwayo llvmpipe. Mashine itawaka, GNOME itafunguka, na kila utakaposogeza dirisha feni itapiga kelele, kwa sababu prosesa inachora nukta moja moja. Ili kujua, sakinisha mesa-utils, andika `glxinfo -B` kwenye terminali, na utafute mstari wa OpenGL renderer. Ukiona neno llvmpipe, umepata ugonjwa. Xfce ina tiba, kwa kuwa uunganishaji huo unaweza kuzimwa kwa amri moja:

`xfconf-query -c xfwm4 -p /general/use_compositing -s false`

Vivuli vitapotea, na madirisha yataanza kufuata kipanya bila kusuasua.

Udhaifu wa tatu, unaosahaulika kuliko yote, ni diski. Diski ya sahani yenye mizunguko 5,400 kwa dakika huzunguka mara 90 kwa sekunde. Ili kusoma faili lililo mahali pengine, kichwa husogea, kisha husubiri sahani ifike. Kwa wastani ni zaidi ya milisekunde kumi kila mara. Maana yake ni visomo visivyofika mia moja kwa sekunde vinapokuwa vimetawanyika, ilhali diski ya kielektroniki ya kawaida (SSD) hufanya makumi ya maelfu. GNOME na Plasma huja na huduma inayopitia mafaili yako chinichini ili utafutaji uwe wa haraka, na kwenye diski ya sahani huduma hiyo hugombania visomo hivyo vichache na kazi yako. Mashine inaganda huku prosesa haina kazi, na mwenye mashine analaumu Linux.

Mashine ipi, eneokazi lipi

Yeyote mwenye RAM ya GB 8 au zaidi, kadi ya michoro inayofanya kazi na SSD, achague anachokipenda. GNOME na Plasma zimekomaa, na hakuna sababu ya kujinyima.

RAM ya GB 4 ndiyo hali ya laptop nyingi za mtumba, na hapo jibu langu ni Xfce. Inapatikana ikiwa tayari ndani ya Linux Mint, Xubuntu, MX Linux na Debian. Ina kila kitu ambacho ofisi au mwanafunzi anakihitaji: flashi zinafunguka zenyewe, printa zinaongezwa kwa kubonyeza, skrini ya pili inatambuliwa. Kwenye Mint, upau uko chini na menyu iko pembeni kushoto, hivyo aliyetoka Windows haulizi aanzie wapi. MATE ni chaguo zuri kwa uzito unaokaribiana na huo.

Ukubwa wa skrini nao uingizwe kwenye hesabu. Skrini nyingi za laptop za zamani zina nukta 1366 kwa 768. Upana upo, urefu haupo. Upau wa Xfce waweza kuhamishiwa ubavuni ukasimama wima, na mistari kadhaa ya maandishi ikarudi kwenye ukurasa. Mwandishi wa ripoti ndefu ataona faida yake siku hiyohiyo.

Kwa RAM ya GB 2, jaribu LXQt kupitia Lubuntu au Debian. Ina mipangilio michache kuliko Xfce, na baadhi ya madirisha yake ni makavu, lakini huo ni msingi kamili wa kazi, wenye upau, kidhibiti faili na mipangilio ya skrini. Ukishaiweka, jizoeze kufunga kurasa za kivinjari usizozisoma.

RAM ya GB 1 au chini ya hapo huipeleka mashine kwenye antiX na IceWM. Waliotengeneza antiX wamekwisha kurudisha vile vipande ambavyo IceWM peke yake haina, kwa hiyo hutaanza na skrini tupu. Mashine ya namna hii itaandika barua, itafungua PDF, itapiga muziki na kutunza kumbukumbu za stoo. Tovuti nzito za leo zitaishinda, na ni haki mtu aambiwe hivyo kabla hajaipokea.

Baadhi ya mashine hizo pia zina prosesa ya biti 32, na milango imekuwa ikifungwa. Xubuntu na Lubuntu ziliacha kutoa matoleo ya biti 32 tangu 19.04, na Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi chake. Debian 12 bado inaweza kusakinishwa, na masasisho yake ya muda mrefu yamepangwa kufika Juni 2028. antiX 23, iliyojengwa juu ya Debian hiyo, nayo ina toleo la biti 32. Amri `lscpu` itakuonyesha mstari wa CPU op-mode. Ukiona 64-bit imetajwa, prosesa yako haina kizuizi hiki.

Kuna mtumiaji mmoja ambaye majedwali ya RAM humsahau: asiyeona. Programu ya Orca husoma kwa sauti kilicho kwenye skrini, na hufanya kazi yake vizuri pale tu eneokazi linapotoa taarifa sahihi kuhusu kila kitufe na kila menyu. Novemba 2013 Debian waliifanya Xfce kuwa chaguo-msingi lao, na Septemba 2014 wakarudi GNOME. Suala la watumiaji wenye ulemavu lilikuwa miongoni mwa sababu. Kwa mtu huyu GNOME ni ya kwanza kufikiriwa, na mashine ikiwa ndogo, MATE imeurithi uwezo mwingi wa GNOME 2. Megabaiti zilizookolewa kwa kumnyima sauti hazina faida kwake.

Pima kwenye mashine yako

Linux ina fadhila ambayo mnunuzi wa mtumba anapaswa kuitumia: distro nyingi zinaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Kwa programu ya Ventoy, flashi moja hubeba faili za distro kadhaa, nawe unachagua mojawapo kila unapowasha. Weka Mint ya Xfce, Lubuntu na antiX, kisha uzipitie moja baada ya nyingine kwenye mashine ileile.

Baada ya kuwasha, ngoja dakika mbili au tatu mambo yatulie. Fungua terminali na uandike `free -h`. Safu ya used ndiyo inayowavutia watu, na free huwatia hofu kwa sababu namba yake hushuka haraka. Usiiogope. Linux hutumia RAM isiyo na kazi kutunza nakala za mafaili yaliyosomwa karibuni, na huiachia mara programu inapoihitaji. Safu ya kuitazama ni available: hiyo ndiyo RAM ambayo kazi yako inaweza kuipata. Iandike. Kisha fungua kivinjari, ingia kwenye kurasa unazozitumia kweli, fungua waraka mmoja wa LibreOffice, na uandike `free -h` tena. Available ikibaki MB chache huku kinachotumika kwenye mstari wa Swap (nafasi ya diski inayosaidia RAM ikijaa) kikipanda, mashine imeelemewa, na ni wakati wa kujaribu eneokazi jepesi zaidi.

Kumbuka kwamba mfumo unaoendeshwa kutoka kwenye flashi huweka mabadiliko yake ndani ya RAM, hivyo namba zitakuwa juu kuliko baada ya kusakinisha, na kasi ya kufungua programu itategemea flashi. Linganisha distro na distro zikiwa katika hali ileile.

Kabla ya kuzima, pima na yale yasiyo na namba. Unganisha Wi-Fi. Piga video na usikilize sauti. Bonyeza vitufe vya mwanga wa skrini. Funga kifuniko, ngoja kidogo, ukifungue, uone kama mashine inaamka. Hatimaye mkalishe mbele yake mtu atakayeitumia, umpe kazi moja ndogo, kama kuandika barua na kuihifadhi kwenye flashi, na ukae kimya. Anapokwama, andika amekwama wapi. Karatasi hiyo ina thamani kuliko ushauri wangu wote katika sura hii.

Yanayofanya kazi pamoja na eneokazi

Mashine ikiwa na diski ya sahani na ukawa na fedha kidogo ya kutumia, nunua SSD kabla ya kuhangaika na eneokazi. Xfce juu ya diski ya sahani itakawia kuwaka. Xfce ileile juu ya SSD itakufanya udhani umebadilisha kompyuta. RAM ndiyo ifuate, kama laptop yako ina nafasi ya kuongeza. Fundi ataona kwa kufungua kifuniko cha chini.

Asiye na fedha ana zram. Hii ni sehemu ya kiini cha Linux inayobana data zisizotumika sasa hivi na kuziacha ndani ya RAM, badala ya kuzipeleka kwenye diski. Mara nyingi data hubanwa hadi nusu au theluthi ya ukubwa wake, na kubana huko kunaichukua prosesa muda mfupi mno ukilinganisha na kusubiri diski ya sahani. Fedora iliifanya kuwa ya kawaida tangu toleo la 33, mwaka 2020. Kwenye Debian na Ubuntu, sakinisha zram-tools, fungua faili `/etc/default/zramswap`, andika `PERCENT=50`, kisha uwashe mashine upya. Kwenye RAM ya GB 2, badiliko hili laweza kukupa zaidi ya kile utakachookoa kwa kuhama kutoka Xfce kwenda LXQt.

Ukishafanya hayo, acha kuhamahama. Anayebadilisha eneokazi kila mwezi hutumia muda wake kujifunza tena vitu alivyokwisha kuvijua, ilhali mikono iliyozoea mahali pa kila kitufe hufanya kazi upesi hata kwenye prosesa ya zamani. Kama unasita na RAM yako ni GB 4, weka Xfce na uanze kazi. Kama ni GB 2, weka LXQt na zram. Usiifute Windows kabla hujanakili mafaili yako mahali pengine na kuyafungua huko kuhakikisha yamefika salama. Sura inayofuata inaonyesha namna ya kufanya hivyo, folda kwa folda.